Viza za kazi za wapishi wa kigeni nchini Japani

Viza za kazi za wapishi wa kigeni nchini Japani ni vibali vinavyomruhusu mgeni kupika au kuhudumia wateja katika migahawa ya nchi hiyo.

Kibali cha ufundi, kwa Kijapani *ginō*, hupewa mpishi wa vyakula vyenye asili ya nje ya Japani, kama vile vya Kihindi au Kichina. Anatakiwa awe na uzoefu wa miaka 10, ukijumlisha muda aliousomea upishi huo. Kwa chakula cha Kithai ni miaka 5, kutokana na mkataba wa kiuchumi kati ya Japani na Uthai. Mpishi wa sushi hapati kibali hiki hata awe hodari namna gani, kwa kuwa sushi ni chakula cha Kijapani. Mwenye kibali anaweza kuomba mwenzi na watoto wamfuate.

Mwezi wa Aprili 2019 ilianzishwa *tokutei ginō*, yaani ufundi maalumu, kwa sababu ya uhaba wa wafanyakazi. Hii haidai miaka ya uzoefu bali mitihani miwili, mmoja wa kazi za mgahawani na mwingine wa lugha ya Kijapani. Inawahusu wahudumu pia, na chakula kinachopikwa kinaweza kuwa chochote, sushi ikiwemo. Gharama yake kubwa iko nyumbani: katika ngazi ya kwanza, yenye kikomo cha miaka 5, kwa kawaida familia hairuhusiwi. Tangu 2023 wafanyakazi wa migahawa wanaweza kupanda ngazi ya pili, ambayo huondoa vizuizi hivyo viwili.

Wanafunzi wa kigeni wanaofanya kazi migahawani huhitaji ruhusa ya pekee, na wakati wa masomo hawaruhusiwi kuzidisha saa 28 kwa wiki.