Kinachochemsha taa ndogo ya betri

TAA ndogo za LED zinazotumia betri zimechukua nafasi ya koroboi katika makazi mengi ya Garissa, Wajir na Mandera yasiyofikiwa na nyaya za umeme. Zinapochemka na kufifia usiku ungali mchanga, wengi hulaumu balbu. Mara nyingi kosa huwa katika kidhibiti mkondo, kijisehemu kinachoamua kiasi cha umeme upitao kwenye LED.

Kidhibiti cha bei nafuu hugeuza volti za ziada kuwa joto. LED nyeupe huhitaji takriban volti 3.2. Kwa betri ya lithi ya volti 3.7 na mkondo wa ampea 0.35, kinachopotea hakifiki wati 0.2. Betri hiyo ikifa na mwenye taa akaunganisha ya volti 6, hasara hupanda hadi karibu wati 1. Akithubutu kutumia ya pikipiki, yenye volti 12, hufika wati 3, mzigo usiostahimilika kwa kijisehemu kisichozidi punje ya mahindi.

Hali ya hewa nayo haisaidii. Mwezi Februari na Machi, joto la mchana mjini Garissa hupita nyuzi 35. Taa iliyowaka vyema Limuru yaweza kuzimika hapa, kwani baadhi ya vidhibiti hujikata vikichemka kupita kiasi.

Kidokezo bora ni wakati joto linapozuka. Likizidi betri ikiwa imejaa, kidhibiti ni cha aina hiyo ya kupoteza volti. Likizidi betri ikiwa dhaifu, yaelekea ni cha kupandisha volti, ambacho huvuta mkondo mkubwa kadiri betri inavyopungua nguvu. Hapo dawa ni kuichaji betri mapema na kuikagua koili.

Betri ya lithi iliyovimba iondolewe kabla ya jambo lolote. Kisha fundi apime volti za betri taa ikiwaka, volti za LED, na mkondo. Kwa kidhibiti cha kupoteza volti, tofauti ya volti hizo ikizidishwa kwa mkondo hutoa wati za joto.

Ikiwa betri ya volti 6 ndiyo pekee ipatikanayo, kikinza cha omu 4.7 chenye uwezo wa wati 1, kikiwekwa kati ya betri na kidhibiti, kitabeba zaidi ya nusu ya joto hilo. Betri haitadumu zaidi kwa hatua hiyo. Ni kidhibiti tu kitakachopumua.