Umbali wa Kukurupuka

Umbali wa kukurupuka ni nafasi inayobaki kati ya mtu na ndege pale ndege anapoamua kuondoka. Mtu humwendea ndege aliyetua. Ndege humwona, humvumilia kwa muda, kisha uvumilivu humwisha naye huruka. Mita zilizobaki kati yao wakati huo ndizo zinazotajwa na istilahi hii. Wataalamu huupima umbali huo pia kwa swala na hata kwa mijusi, ila wenye haja nao zaidi ni watazamaji na wapiga picha wa ndege. Aliyesimama kabla ya mpaka huo hupata picha ya ndege. Aliyeuvuka hupata picha ya mkia.

Dhana yenyewe ilipewa jina katika miaka ya 1930 na Heini Hediger, mtaalamu wa wanyama wa Uswisi ambaye baadaye aliongoza bustani za wanyama za Basel na Zürich. Yeye aliiita kwa Kijerumani Fluchtdistanz. Kijerumani hakimpi msomaji nafasi ya kukosea: Flucht ni kuikimbia hatari, na kuruka kwa ndege kuna neno lake jingine, Flug. Kiingereza kina neno moja tu, flight, kwa mambo yote mawili, na mfasiri wa Kiswahili anayeanzia kwenye Kiingereza huteleza hapohapo. Anaandika "umbali wa kuruka", akiamini amemaliza kazi. Msomaji akiliona jina hilo anafikiria mwanariadha aliyeruka na kutua mchangani, au safari ya mbayuwayu kutoka Ulaya. Hakuna hata chembe ya hofu katika maneno hayo, na hofu ndiyo kiini cha dhana.

Tafsiri nyingine zina kasoro ndogo zaidi, lakini zinazo. "Umbali wa kukimbia" unawafaa swala na kanga, haumfai ndege anayejiachia hewani kutoka kwenye genge. "Umbali wa kutoroka" unamfanya ndege mfungwa au mdaiwa, kwa kuwa anayetoroka huwa kuna mahali alipotakiwa kubaki. "Umbali wa kushtuka" ni neno zuri lililowekwa mahali pasipo pake. Ndege hushtuka kwanza: huacha kula, hunyanyua shingo, humkazia mtu jicho. Kuondoka huja baadaye, na huenda kusije kabisa mtu akisimama. Wataalamu hupima hatua hizo mbili kila moja peke yake, kwa hiyo lugha inahitaji majina mawili. Kushtuka na kubaki kuwa jina la hatua ya kwanza.

Kwa hatua ya pili, Kiswahili kilikuwa na neno tayari, tena mdomoni mwa wawindaji. Mtu akipita kwenye nyasi za Mbozi au Momba, mkoani Songwe, kwale aliyejibanza hutoka ghafla karibu na miguu yake kwa kishindo cha mabawa. Kwale huyo amekurupuka. Mbwa akimtoa kichakani, amemkurupusha. Kitenzi hiki kinabeba kwa pamoja mshtuko, kuondoka na ughafla wa tendo, na hakijali kama mnyama ametumia mabawa au miguu. Kinanyumbulika pia bila taabu: ndege aliyekurupushwa, mpiga picha anayekurupusha, ukurupushaji wa ndege walio kwenye viota.

Kipingamizi kipo. Siku hizi kukurupuka ni kutenda bila kufikiri, kama uamuzi wa kukurupuka, na mkurupuko umekuwa jina la kuzuka kwa ugonjwa, kama mkurupuko wa kipindupindu. Hilo halitoshi kulikataa neno. Songwe wenyewe wana mfano wa neno la kawaida lililobeba sayansi bila kulalamika: kimondo ni mwanga unaopita angani usiku, na kimondo ni pande la chuma la tani nyingi lililolala Ndolezi, wilayani Mbozi, na hakuna mgeni aliyewahi kufika huko akatazama juu kulitafuta. Muktadha hufanya kazi yake. Neno "umbali" likitangulia, hakuna atakayefikiria kipindupindu.

Kwa nini ndege asiondoke mara tu anapomwona mtu? Mwaka 1986 watafiti Ronald Ydenberg na Lawrence Dill walitoa jibu ambalo bado linatumika: kuondoka kuna gharama. Ndege anayekula hupoteza chakula, na anayeatamia huliacha yai lipigwe na jua au lichukuliwe na kunguru. Ndege huendelea kubaki mpaka hatari ya kubaki inapozidi hasara ya kuondoka. Hapo ndipo hukurupuka. Kwa hesabu hiyo mengi hueleweka. Ndege wakubwa kwa kawaida hukurupuka wakiwa mbali kuliko wadogo. Wanaowindwa hukurupuka mapema kuliko wanaoachwa kwa amani. Anayeendewa moja kwa moja huondoka haraka kuliko anayepitwa kando, na gari huvumiliwa mpaka mlango wake unapofunguliwa na mtu kushuka. Mtafiti Daniel Blumstein, aliyekusanya vipimo vya ndege wengi wa Australia, alionyesha pia kwamba mtu anayeanza kumwendea ndege kutoka mbali humfanya aondoke mapema, pengine kwa kuwa ndege amekuwa na muda mrefu wa kuchoshwa na kumfuatilia.

Kwa hiyo umbali wa kukurupuka si sifa ya aina ya ndege peke yake, kama ulivyo urefu wa mdomo. Ni sifa ya ndege mahali fulani. Mfano ulio wazi ni korongo marabu, ndege mwenye kichwa cha upara na mfuko unaoning'inia shingoni, ambaye husimama kwa kimo cha hadi mita 1.5. Jijini Kampala, wanakomwita kaloli, hujenga viota kwenye miti ya barabarani na kushindana na watu jalalani, na mpita njia huweza kumkaribia hatua chache bila ndege kujali. Marabu huyohuyo huzaliana kwenye magenge ya maporomoko ya Kalambo, mpakani mwa Tanzania na Zambia, yanayofikiwa na wanaotoka Tunduma kupitia barabara ya Sumbawanga. Hapo maji huanguka kwa mkupuo mmoja zaidi ya mita 200, na viota hukaa kwenye kingo za mawe ambazo mtu hawezi kuzifikia. Ndege hawa hawajazoea jalala wala honi. Mita zilizopimwa Kampala hazifai kupelekwa Kalambo.

Genge lina ugumu wake katika upimaji. Ufukweni mwa Ziwa Rukwa, kwenye tope tambarare la upande wa Songwe, mtu anayewaendea mwari huhesabu hatua tu: huangusha alama alipoanzia, nyingine ndege waliponyanyua shingo, ya tatu walipokurupuka. Kwenye genge ndege yuko chini au juu ya mtazamaji, na hatua za ardhini hudanganya. Mtu aliyesimama ukingoni, na kiota kikiwa mita 30 mbele yake na mita 40 chini, yuko mita 50 kutoka kwa ndege, si 30. Umbali unaohesabiwa ni ule wa jicho kwa jicho.

Mpiga picha hulinganisha namba hiyo na lenzi yake. Lenzi ya milimita 400 humpa marabu mzima aliye umbali wa mita 50 taswira ya milimita 12 kwenye kihisi cha kamera, yaani nusu ya kimo cha kihisi kamili cha milimita 24. Picha hiyo inatosha. Simu ya mkononi kwa umbali huohuo huonyesha nukta nyeupe na jiwe. Mwenye simu basi ndiye mwenye kishawishi kikubwa cha kusogea, na kwenye genge kusogea kuna hatari mbili, ya ndege na ya mtu mwenyewe.

Katika maandishi ya wapiga picha, magenge na ndege huandamana na pafini, ndege wa Atlantiki ya Kaskazini mwenye mdomo wa rangi za kupendeza, asiyepatikana Afrika Mashariki hata kidogo. Kwenye genge la Látrabjarg huko Iceland, au kisiwa cha Skomer huko Wales, pafini humwacha mtu afike mita chache tu kutoka alipo. Hapo ndipo istilahi huonyesha upungufu wake. Pafini huchimba shimo kwenye udongo wa juu ya genge na kutaga yai moja humo. Mpiga picha aliyesimama juu ya shimo hajamkurupusha ndege yeyote, ila huenda amemfukia kinda. Akisimama njiani, mzazi aliyebeba samaki mdomoni huzunguka angani bila kutua, na kinda hukaa na njaa. Kipimo cha kukurupuka humhesabu anayeondoka. Hakimhesabu anayeshindwa kurudi.

Hata aliyebaki kiotani si lazima awe ametulia. Pengwini waliopimwa mapigo ya moyo wakiatamia walionekana hawajatikisika, lakini mioyo yao ilienda mbio mtu alipokuwa bado mbali. Kwa sababu hiyo mtazamaji mwangalifu hasubiri mpaka wa kukurupuka aujue kwa kuuvuka. Huzingatia mpaka unaoutangulia, wa kushtuka, na husimama pale shingo ya kwanza inaponyanyuka. Uangalifu huo unahitajika Kalambo pia: marabu wa huko huwa na makinda kiangazi, wakati barabara zinapopitika na wageni ni wengi, na kinda wa marabu hukaa kiotani zaidi ya miezi mitatu kabla ya kuweza kuruka.