Muembe ulio majini



Katika mkutano wa mbalamwezi iliyopita wazee walituomba tuandike habari ya kijiji chetu tangu zamani, kwa ajili ya lile shauri la viwanja. Kwa wale walio mbali, shauri ni hili. Maji ya ziwa yamekula mstari wa chini wa nyumba, ule wa karibu na mwalo. Wenye nyumba wamepanda juu na kuanza kujenga katika mashamba ya muhogo. Wenye mashamba wanasema hapana, haya ni yetu, tuliyaacha kwa vita, hatukuyauza. Na pande zote mbili zinaonyesha shahidi mmoja: ule muembe mkubwa uliokuwa katikati ya soko. Mmoja anasema, "Kwetu ni kuanzia muembe kwenda chini." Mwingine anasema, "Kwetu ni kuanzia muembe kwenda juu." Leo muembe wenyewe umesimama ndani ya maji, umeinama upande wa ziwa, na vijana wanafungia mitumbwi yao hapo. Siku utakapoanguka tutabaki na maneno matupu.

Sisi si watu wa historia. Tumekusanya yale wazee waliyotuambia, tukaongeza yale ambayo baadhi yetu walisoma katika vitabu wakati tukiwa kambini, maana kule muda ulikuwa mwingi kuliko kazi.

Wazungu wa kwanza kupita hapa na kuandika walikuwa Burton na Speke, mwaka 1858. Walitoka Ujiji kwa mitumbwi wakienda Uvira, wakagusa Ubwari. Burton akaandika kwamba Ubwari ni kisiwa. Wazee walicheka sana tulipowasomea hapo. Lakini mtu akiwa majini upande wa mashariki, akiona mlima umesimama peke yake na ziwa linazunguka nyuma, si ajabu akose. Ilibidi Stanley azunguke ziwa lote mwaka 1876 ndipo akaonyesha kwamba ni rasi iliyoshikana na nchi kavu, na ile ghuba iliyo nyuma yetu akaipa jina la Burton, yule yule aliyekosea.

Huyo Stanley ametuachia kitu kingine, na hicho ndicho kilichotushtua. Alikuwa Ujiji mwaka 1871, alipomkuta Livingstone. Alipofika tena mwaka 1876 akakuta michikichi mitatu, aliyoiacha imesimama sokoni, sasa imo ndani ya ziwa, mbali na ukingo. Tuliposoma hapo mama mmoja alisema, "Kumbe ziwa lilikuwaka na hii tabia tangu zamani." Ndiyo mama, lilikuwa nayo.

Sababu ni hii. Ziwa letu linapokea mito mingi: Rusizi, Malagarasi, Mutambala na mingine midogo isiyohesabika. Lakini mlango wa kutokea ni mmoja tu, mto Lukuga, pale Kalemie. Maji mengi yanapandishwa na jua, yanayobaki yanatoka kwa mlango huo. Miaka ile mlango ulikuwa umeziba kwa matope na matete. Cameron aliufikia mwaka 1874 akakuta majani yameujaza, Stanley naye mwaka 1876 akakuta hivyo hivyo. Maji yakawa yanapanda tu, mpaka karibu mwaka 1878 yakaubomoa mlango. Ziwa likaanza kushuka, likashuka miaka zaidi ya 10, na waliopima wanasema lilishuka kama meta 10.

Meta 10, ndugu zetu. Toka hapo penye muembe utazame juu: meta 10 za kwenda juu zinafika karibu na kanisa. Maana yake, ule uwanja wote wa mchanga tulipoweka soko, mstari wa chini wa nyumba, na sehemu ya hayo mashamba ya muhogo, vyote vilikuwa chini ya maji wakati babu wa babu zetu wanaishi. Ardhi tunayogombana juu yake ilitolewa na ziwa. Hapakuwa na mtu aliyekuwa na nyumba hapo kabla ya hapo, labda samaki.

Wazee wanakubali. Wanasema zamani watu walikaa mlimani na penye miamba, wakashuka mwaloni usiku kuvua na kurudi asubuhi. Walivua kwa lusenga, ule wavu wa mfuko wenye mti mrefu, na moto wa kuni ukiwaka mbele ya mtumbwi ili ndagala waje kwenye mwanga. Kazi ya watu wachache, samaki wa kula na kubadilishana muhogo na mawese. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 ugonjwa wa malale uliua watu wengi kando ya ziwa, na hiyo pia iliwafanya watu waogope kukaa chini. Hatutaingia katika maneno ya kabila gani lilitangulia. Tumeona yalikotufikisha.

Kijiji kushuka kabisa mwaloni kuliletwa na taa. Katika miaka ya 1950 Wagiriki wa Usumbura walianza kuvua kwa nyavu kubwa na taa za mafuta za kupampu. Watu wetu wakatazama, wakaiga kwa namna yao: mitumbwi miwili imefungwa pamoja kwa miti, wavu unashushwa katikati, taa zinaning'inia juu. Mavuno ya usiku mmoja yakawa ya kukausha na kuuza mbali. Na ndagala wa kukausha wanataka mchanga, mchanga mwingi, safi, karibu na mahali mtumbwi unapofika. Ndiyo sababu kila mtu alitaka kiwanja cha chini. Muembe wa soko ulikuwa tayari mkubwa wakati huo, wanasema. Aliyeupanda tumetajiwa majina matatu tofauti, na kila jina linatoka katika ukoo wa yule anayelitaja, kwa hiyo tumeliacha.

Kisha ikaja miaka ya mvua kubwa, na mwaka 1964 ziwa likapanda tena sana. Hapa ndipo wazee wenyewe wanachanganyikiwa, na si kosa lao. Mwaka huo huo uasi uliingia Fizi. Watu walikimbilia mlimani, wengine wakavuka kwenda Kigoma. Mwaka 1965 Che Guevara na Wacuba wake walivuka kutoka Kigoma wakashukia Kibamba, kusini mwetu, wakakaa miezi saba, wakaondoka. Jeshi likarudi. Sasa ukimuuliza mzee, "Nyumba ya baba yako ya mstari wa chini ilipotea namna gani?" anafikiri kidogo. Maji? Moto? Mmoja alitujibu, "Tulikimbia ingali yasimama. Tuliporudi hapakuwa kitu. Miye nitajuaje nani aliikula wa kwanza?"

Miaka iliyofuata ilikuwa ya mlimani na mwaloni kwa zamu. Kundi la PRP la Laurent-Désiré Kabila lilikuwa na ngome yake juu katika milima ya Fizi tangu mwaka 1967, na watu wa kando ya ziwa waliishi kati ya hao na askari wa Serikali. Maji yalishuka polepole. Waliorudi walijenga mbele kidogo ya pale pa zamani, kwa sababu mchanga ulikuwa umejitokeza tena. Muembe ulikuwa haujafa. Wakaanza kupimia kutoka hapo.

Kuhusu mwaka 1996 hatuna haja ya kuwaandikia mengi, kila nyumba ina yake. Tulivuka usiku, boti zimejaa, tukafika Kigoma. Wengine wakapelekwa Nyarugusu, wengine Lugufu mwaka 1997, na mwaka 1998 vita vya pili vikaleta wengine. Lugufu ilikuwa porini, upande wa Uvinza, mbali na ziwa. Watoto waliozaliwa pale walijua kadi ya posho na shitingi, hawakujua kuogelea. Marudio ya meli kutoka Kigoma kuja Baraka yalipoanza Oktoba 2005, vijana hawa walishuka na kuuliza kwa nini watu hawavui usiku wa mbalamwezi. Ilibidi tuwaeleze kwamba mwezi ukiwa mkubwa taa haina nguvu, ndagala hawakusanyiki, ndiyo maana harusi, mazishi ya kumaliza tanga na mikutano yetu huwekwa siku hizo.

Tuliporudi tulikuta watu katika viwanja vyetu. Si wezi. Ni ndugu waliobaki, au waliokimbia kutoka mlimani, wakakuta nyumba tupu wakaingia. Wengine walikuwa wamenunua kwa makuta yao kutoka kwa mtu asiyekuwa na haki ya kuuza. Wazee wa wakati huo walikata maneno kwa njia rahisi: aliyekuta aendelee kukaa chini, mwenyewe apewe shamba la juu. Hapakuandikwa kitu. Watu walikula ugali na samaki pamoja wakaona yamekwisha, na kweli yalitulia miaka kama 15.

Ndipo maji yakapanda tena. Mwaka 2020 na 2021 yaliingia Uvira, Kalemie, Bujumbura na Baraka, yakashuka kidogo, mwaka 2024 yakazidi. Mijini wapiga picha walifika. Kwetu hakufika mtu, gari haliwezi kufika. Nyumba za udongo zinalainika kwanza chini, ukuta unakaa siku mbili tatu kama mtu anayefikiri, halafu unalala. Choo zikajaa. Na mama zetu wanaokausha ndagala wakapoteza mchanga wote. Leo wanaanika juu ya nyavu za zamani zilizotandazwa kwenye vigingi, au wanalipa kwa samaki ili waanike kwenye mwamba wa mwingine. Hii tunaiona ni hasara kubwa kuliko nyumba, ingawa mkutanoni wanaume walizungumza nyumba tu.

Kwa hiyo yule aliyeachiwa chini mwaka 2006 hana chini tena. Anapanda juu. Na yule aliyepewa juu badala ya chini anasema nimekwisha kukuachia mara moja. Tukitazama bila upendeleo, wote wawili wanasema kweli.

Kuna waliotuambia twende kwa sheria. Tumeuliza. Sheria ya ardhi ya tarehe 20/7/1973 inasema udongo wote ni mali ya Serikali. Kuhusu ardhi ya vijijini inayokaliwa kwa desturi, sheria ile ilisema Rais ataitolea amri yake ya pekee. Miaka ikapita na amri haikutoka. Basi sisi wa vijijini tunakaa hapo katikati, tunakaa kwa desturi, na desturi yetu inasimama juu ya mti. Pia kuna ofisi moja ilitutaka pesa ya karatasi kwa viwanja ambavyo mpimaji wake hajawahi kuviona. Waliolipa wanayo karatasi. Inaonyesha kiwanja kilicho ndani ya ziwa.

Tulichofanya ni hiki. Siku ya mbalamwezi, ziwa limetulia, tulichukua kamba ya wavu tukaifunga fundo kila pima moja. Kijana mmoja wa Lugufu, siku hizi anaogelea kuliko wote, akashika mwisho mmoja kwenye shina la muembe. Tukavuta mpaka kwenye jiwe jeupe la njia ya kanisa, halafu mpaka kwenye kaburi la shefu wa zamani. Walikuwepo watu wa pande zote mbili pamoja na shefu wa lokalite. Waliobaki na waliorudi walihesabu mafundo kwa sauti, na walipokosana tulianza upya, mara nne. Hesabu imeandikwa katika daftari mbili. Moja iko kwa katibu wetu, nyingine kwa mama mmoja wa upande wa pili, waliyemchagua wenyewe. Hata muembe ukianguka kesho, mahali pake tutapapata.

Daftari haijasema nani ana haki. Pendekezo lililo mezani ni kwamba walioliwa na maji wapewe mstari mmoja juu ya jiwe jeupe, wakubali kwa maandishi kwamba maji yakishuka mchanga utakaotokea utakuwa wa kuanikia wa mama wote, bila kiwanja cha mtu. Wazee wawili wamekataa. Wanasema watoto wao watauliza mbona mchanga wa babu umegeuka wa kila mtu. Mama wamekubali wote.

Bado tunatafuta alama ya tatu. Wazee wanataja jiwe la kusagia lililozikwa mahali nyumba ya mwisho ya mstari wa chini ilipoishia kabla ya 1964. Walio Nyarugusu, ulizeni wazee wenu, hasa wale waliokuwa watoto wakubwa wakati huo. Mkutano unaofuata ni mbalamwezi ijayo, kwenye veranda ya shule, kwa kuwa baraza yetu imejaa maji. Mwenye neno juu ya jiwe hilo aje mwenyewe, au ampe mtu wa boti barua kabla ya hapo.