Pikapu inagonga na kulia? Kabla ya kununua shoki, chungulia bushi za bodi

Pikapu ikianza kugonga kwenye matuta, lawama huangukia shoki kwanza. Zikibadilishwa na mgongo usipungue, zamu huwa ya boljointi, kisha linki za stabilaiza, kisha springi za nyuma. Mwenye gari anatoa pesa mara nne, na gari linaendelea kugonga vilevile. Mara nyingi kosa halipo kwenye magurudumu. Limekaa chini ya miguu ya dereva, katika vipande vya raba ambavyo fundi hakuviangalia. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Makala haya yanahusu vipande hivyo, yaani bushi za bodi, ambazo mafundi wengine huziita mauntingi za kebini. Tumechukua mfano wa Riruta, magharibi mwa Nairobi, kwa sababu mbili. Kwanza, eneo hilo lina pikapu nyingi za kazi. Barabara ya Naivasha, inayoanzia Dagoretti Corner kwenye Barabara ya Ngong na kupita Riruta kuelekea Kawangware, haikosi pikapu ya mboga, ya mbao, ya saruji au ya nyama ya Dagoretti. Pili, watu wa Mombasa, Kilifi na Kwale hununua pikapu kuukuu Nairobi na kuziteremsha Pwani. Usipojua kuchunguza bushi hizi kabla ya kulipa, utateremka na ugonjwa wa mwenzako.

Bushi ya bodi ni nini?

Pikapu nyingi za kazi tunazozijua hapa Kenya, kama Toyota Hilux, Isuzu D-Max na Nissan Hardbody, zimejengwa kwa sehemu mbili. Chini kuna chasisi, fremu ya chuma inayobeba injini, magurudumu na mzigo. Juu yake kumekalishwa kebini. Kebini haikai chuma juu ya chuma. Kati yake na chasisi mna raba, na kila raba imepitishwa bolti.

Kwa kawaida kila kituo kina raba mbili. Ya juu hubeba uzito wa kebini. Ya chini huizuia kebini isiruke gari linapotoka shimoni. Katikati mna bomba fupi la chuma ambamo bolti hupita. Bomba hilo ni dogo lakini ndilo linaloamua mambo: bolti inapokazwa, hukaza dhidi ya bomba na wala si dhidi ya raba. Kwa hiyo raba hubaki na nafasi ya kufanya kazi yake. Bomba likiliwa na kutu, ukikaza bolti unaiponda raba, na baada ya muda mfupi italegea tena.

Idadi ya vituo hutegemea gari. Kebini fupi ya milango miwili huwa na vituo vichache, mara nyingi vinne. Kebini ya milango minne huwa na zaidi, na magari mengine yana vingine mbele karibu na rejeta. Hesabu za gari lako mwenyewe kabla ya kwenda dukani.

Hapa pana tahadhari moja. Si kila gari lina bushi hizi. Probox, kwa mfano, bodi yake na fremu ni kitu kimoja. Mtu akikuambia Probox yako inahitaji bushi za bodi, shukuru na uondoke.

Kwa nini huharibika?

Raba huzeeka. Joto la injini na bomba la moshi huikausha, hewa huipasua taratibu, na mafuta huivimbisha na kuilainisha. Dizeli au oili inayovuja juu ya bushi ya mbele huimaliza mapema kuliko umri wake.

Mazingira nayo huongeza lake. Riruta ina udongo mwekundu. Mvua za masika, Machi hadi Mei, hugeuza vichochoro vyake kuwa tope, na tope hilo hujipachika juu ya chasisi, likashika maji na kulea kutu. Pwani adui ni chumvi. Gari linaloegeshwa karibu na bahari, Nyali au Malindi, linaweza kuwa na raba nzima huku bolti na bomba la ndani vimeoza. Jambo la tatu ni mzigo. Pikapu iliyopakiwa kupita kiasi hupinda chasisi kidogo katika kila shimo, na kila mpindo huvutana na bushi za kebini.

Jinsi ya kutambua

Sikiliza kwanza. Bushi ya bodi iliyokufa hutoa sauti ya aina mbili. Kuna kishindo kizito, du, kinachosikika chini ya sakafu unapopanda tuta kwa tairi moja, unapofunga breki au unapoondoka kwa nguvu. Kuna pia mlio wa kukwaruza au kulia kama kitanda cha zamani, unaokuja gari linapopita polepole kwenye njia isiyo sawa. Shoki mbovu kwa kawaida huja na dalili nyingine: gari huendelea kupwita baada ya tuta, au shoki huonekana imelowa mafuta.

Kisha tazama. Simama kando ya gari kwenye ardhi tambarare. Nafasi kati ya kebini na karai la nyuma inapaswa kulingana kushoto na kulia, juu na chini. Ikiwa upande mmoja umebana, kebini imelala. Angalia kama bampa ya mbele na boneti zimekaa sawa, na kama mlango umeanza kugusa fremu yake.

Ingia chini na tochi. Tafuta raba iliyopasuka, iliyotandazika kama chapati au iliyovimba. Tafuta unga mwekundu wa kutu kuzunguka washa, au mahali chuma kimeng'aa kwa kusuguana. Chuma kinachong'aa ni ushahidi kwamba vitu viwili vinagusana ambavyo havikupaswa kugusana.

Mwisho, pima. Mwenzako alitikise gari kutoka pembeni, wewe ukitazama kila kituo ukiwa nje ya gari au umelala mahali salama, injini imezimwa. Au chukua mtaimbo mfupi, uweke kati ya chasisi na mkono wa kebini, uinue taratibu. Bushi nzima hukubali kidogo na kurudi. Iliyokufa huruka na kugonga. Kwa mlio wa kulia, nyunyizia maji ya sabuni kituo kimoja kimoja, kisha uendeshe. Mlio ukinyamaza kwa muda, umempata mwenye kelele. Usitumie oili kwa jaribio hili, kwa maana utakuwa unaiua raba unayoipima.

Vitu vya kununua

Nunua seti nzima. Ukibadilisha moja, kebini itainuka upande huo tu, na bushi zilizobaki zitabeba kwa mshazari. Seti iwe na raba za juu na chini, mabomba ya ndani na washa. Kama bolti zimeliwa na kutu, nunua mpya zenye ugumu uleule wa zile za awali. Bolti laini ya kufungia geti si ya kushikilia kebini yenye watu.

Nairobi, wengi hushuka hadi Barabara ya Kirinyaga, ambayo zamani ikiitwa Grogan na mafundi wengi bado huiita hivyo. Beba bushi yako ya zamani mkononi, kwa maana jina la gari pekee halitoshi. Modeli za miaka tofauti hutofautiana kimo cha raba.

Utakutana na chaguo tatu. Ya kwanza ni raba ya kawaida, ambayo hutuliza kelele vizuri na kulifaa gari la kazi za kila siku. Ya pili ni poliyurethani, ngumu zaidi na isiyojali sana mafuta. Hiyo hupitisha mtetemo zaidi ndani ya kebini, na ikifungwa kavu huanza kulia yenyewe, hivyo hupakwa grisi ya silikoni. Ya tatu ni kipande cha tairi kuukuu kilichokatwa kwa kisu, binamu wa ndara za akala. Akala ni kiatu kizuri. Kwa kebini, raba ya tairi ina nyuzi na pengine waya, haina kimo sawa kila upande, na haina bomba la ndani. Inaweza kukufikisha nyumbani, lakini isihesabiwe kuwa matengenezo.

Kazi yenyewe

Egesha kwenye sakafu ngumu iliyo sawa. Tope la Riruta au mchanga wa Pwani humeza jeki. Gari libaki juu ya magurudumu yake manne, tairi zimezuiwa mbele na nyuma. Hapa hatuinui gari, tunainua kebini tu.

1. Siku moja kabla, safisha bolti zote kwa brashi ya waya na uzinyunyizie mafuta ya kulainisha kutu. Rudia usiku.

2. Toa waya wa betri. Kisha kagua kila kitu kinachounganisha kebini na chasisi: fito ya usukani, paipu za breki, nyaya za hendibreki, waya wa eathi, mipira ya rejeta na kava la feni. Legeza vinavyoweza kuvutika.

3. Fungua bolti za upande mmoja. Za upande wa pili zilegeze tu, usizitoe. Hizo ndizo bawaba yako.

4. Weka mbao nene kati ya jeki na ukingo wa chini wa kebini, karibu na kituo. Jeki ikigusa bati moja kwa moja, italikunja. Inua polepole, kiasi tu cha raba kupita, sentimita chache. Mwenzako aangalie fito ya usukani, paipu na feni. Kitu kikianza kukaza, simama.

5. Ingiza vipande vya mbao ngumu kati ya kebini na chasisi kabla ya kugusa raba. Usiingize vidole katika nafasi hiyo kamwe kebini ikiwa imebebwa na jeki peke yake. Jeki ikiteleza, hakuna atakayekuwahi.

6. Toa raba kuukuu, sugua kutu, paka rangi chuma kilichobaki wazi, kisha weka mpya. Maliza upande huo, shusha, ingiza bolti kwa mkono bila kukaza. Fanya upande wa pili vivyo hivyo.

7. Bolti zote zikiwa zimeingia, linganisha nafasi za kebini na karai, halafu kaza kwa spana ya kupimia nguvu, kwa kipimo cha kitabu cha gari lako. Rudi uzikague baada ya kilomita mia chache.

Kabla ya kuondoka, zungusha usukani mwisho hadi mwisho, kanyaga breki, washa injini na usikilize kama feni inagusa kava. Kebini imepanda kidogo, na kila kilichozoea kimo cha zamani lazima kikaguliwe.

Bolti ikizunguka bila kutoka

Hili ndilo tatizo linalokatisha tamaa wengi. Katika magari mengi nati imechomelewa ndani ya sakafu, na kutu ikizidi, hung'oka na kuzunguka pamoja na bolti. Usiendelee kulazimisha. Inua zulia, tafuta mahali pa kuifikia nati kwa juu. Ikibidi kukata na kuchomelea, zulia litolewe, betri itolewe, tangi la mafuta na paipu zake ziwe mbali na cheche, na mtu asimame na kizima moto. Chuma cha mkono wa chasisi kikiwa kimeoza, bushi mpya hazitasaidia. Anza na chuma.

Mlipe fundi kwa kutafuta

Maoni ya safu hii ni kwamba kelele hizi hugharimu sana kwa sababu hatutaki kulipia uchunguzi. Mteja humlipa fundi kwa kipuri kilichofungwa, basi fundi hufunga kipuri. Ungemlipa saa moja ya kulala chini ya gari na tochi na mtaimbo, huenda ungeokoa bei ya shoki nne. Kwa mwanabiashara wa pikapu moja, tofauti hiyo ni karo ya muhula.

Na si pesa tu. Bushi na bolti hizi ndizo zinazoishikilia kebini juu ya chasisi siku ya ajali. Gari la biashara hupaswa kukaguliwa kila mwaka, lakini mwaka ni mrefu kwa bolti iliyooza. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu unabeba watu. Kwa hiyo ukienda Nairobi kununua pikapu, usiishie kwenye rangi na injini. Lala chini, washa tochi, uhesabu bushi.