Gumegume na Kwale wa Umatengo

Anayetafuta bunduki yake ya kwanza ya kuwindia ndege huambiwa aanze na maswali matatu. Mtutu uwe na upana gani? Uwe mmoja, au iwe miwili? Kitako kinamkaa vizuri begani? Ni maswali ya maana. Kwale akichomoka majanini hukupa sekunde chache tu, na bunduki isiyokutosha mwili itapiga hewa. Lakini katika milima ya Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa, kwa muda mrefu maswali hayo yalijibiwa na watu ambao hawakuwahi kumwona kwale wa huko. Jibu zito kuliko yote lilitolewa Brussels, mwaka 1890.

Tuanze na ndege wenyewe. Umatengo ni nchi ya miinuko iliyotobolewa na ngolo, yale mashimo ya kilimo yanayozuia mvua isibebe udongo. Kwale hukaa kandokando ya mashamba kama hayo, kwenye majani marefu na vichaka, akiokota punje na wadudu. Kanga hupenda pori la chini zaidi, hutembea kwa makundi, na wote wawili wakishtuliwa hupenda kwanza kukimbia, kuruka baadaye. Ndege wa namna hii hanaswi kwa nguvu, hunaswa kwa kujua njia yake. Ndiyo maana tanzi, wavu na ulimbo vilimtosha mwindaji. Tanzi halipigi kelele, halili baruti, na linafanya kazi mwenyewe akiwa amelala.

Kwa hiyo bunduki haikuja huku kwa ajili ya kitoweo. Ilikuja na misafara iliyounganisha Kilwa na Ziwa Nyasa katika karne ya 19, misafara ya pembe za ndovu na ya watu waliouzwa. Katika eneo ambalo sasa ni Mkoa wa Ruvuma, kituo cha Kikole kilikumbukwa kwa jina la mfanyabiashara Rashid bin Masoud, aliyeshirikiana na Wangoni. Bunduki za enzi ile zilikuwa gumegume: unamimina baruti mdomoni mwa mtutu, unashindilia kwa mdeki, unatia risasi, unashindilia tena, halafu unategemea cheche ya jiwe. Zilitumika kulinda misafara, kuua tembo na kuteka watu. Kwa aliyekuwa juu milimani akichungulia, bunduki ilikuwa kwanza kitu cha kukimbiwa.

Mkutano wa Brussels uliitishwa kwa jina la kukomesha biashara hiyo ya watumwa. Mkataba wake, uliotiwa saini tarehe 2 Julai 1890, ulichora ukanda kuvuka Afrika, kutoka nyuzi 20 kaskazini ya Ikweta hadi nyuzi 22 kusini. Ndani ya ukanda huo uingizaji wa silaha ulipigwa marufuku, hasa bunduki za kisasa zenye mifereji ndani ya mtutu. Kinachotuhusu ni mlango mdogo ulioachwa wazi: bunduki za gumegume zenye mtutu laini, pamoja na baruti ya kawaida, ziliweza kuendelea kuuzwa chini ya masharti. Mbinga, iliyo karibu na nyuzi 11 kusini, ilikuwa ndani kabisa ya ukanda huo.

Hoja ya kuzuia silaha haikuwa ya uongo. Bunduki zilikuwa zimevunja vijiji vingi. Lakini walioweka saini ndio waliokuwa wakigawana bara hilohilo, na askari wao hawakubeba gumegume.

Hapa historia ya kwale inagusa historia ya dunia. Huko Uskoti, mchungaji wa kanisa aitwaye Alexander Forsyth alipenda sana kuwinda ndege. Aliona jambo lililomsumbua: bunduki ya gumegume hutoa mwako na moshi pembeni kabla risasi haijatoka, na ndege akiona mwako huo hupata nafasi ya kukwepa. Forsyth akatafuta namna ya kuwasha baruti kwa kugonga kemikali badala ya jiwe, na mwaka 1807 akapata hataza. Kutokana na wazo lake zikaja fataki, kisha bunduki za kukunjwa katikati na kutiwa risasi kwa nyuma, zile za marisau ambazo wengi leo huziita shotigani.

Tazama basi miaka hiyo miwili pamoja. Mwaka 1807 mwindaji wa ndege Ulaya alianza kuiaga gumegume kwa sababu haimfai kwa ndege anayeruka. Miaka 83 baadaye, ndiyo bunduki iliyotajwa kuwa mwafrika anaweza kuuziwa. Mwenye kuishika alilazimika kunyemelea na kumpiga ndege akiwa chini, ikiwezekana kundi zima kwa mlio mmoja, kwa kuwa mlio wa pili ulikuwa mbali na baruti ilikuwa fedha. Katika desturi za uwindaji wa kizungu, kumpiga ndege aliyetulia ni aibu. Ni aibu nafuu kwa mwenye mitutu miwili na mfuko wa risasi.

Utawala wa Wajerumani uliongeza karatasi. Mwaka 1896 gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya wanyamapori iliyodai leseni na kutenga mapori ya hifadhi. Jina lake lilielea pia Ziwa Nyasa, kwenye meli ya Wajerumani. Agosti 1914 meli hiyo ilikuwa imepandishwa nchi kavu Liuli kwa matengenezo, ndipo Waingereza walipokuja na meli yao Gwendolen wakaipiga mizinga, nahodha wake akiwa hana habari kwamba vita vimeanza.

Lakini kabla ya hapo kulikuwa na Maji Maji. Vita vilivyoanza Julai 1905 katika vilima vya Umatumbi vilifika Ungoni, na Februari 1906 viongozi wengi wa Wangoni walinyongwa Songea. Chakula kilichomwa, njaa ikaua kuliko risasi, na waliojisalimisha walitakiwa kutoa silaha. Mwanahistoria Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha mwaka 1977, alieleza jinsi watu wa Tanganyika walivyopoteza uwezo wa kulidhibiti pori katika miaka ile ya vita, magonjwa na utawala wa kigeni. Shamba lisilo na watu hurudi kuwa kichaka, na katika kichaka nguruwe pori hawahitaji leseni.

Leo kijana wa Mbinga mwenye fedha anaweza kujibu yale maswali matatu. Wengi wangemshauri namba 12, yaani mtutu ambao gololi 12 za upana wake hutoka katika ratili moja ya risasi. Punje ndogo kwa kwale, kubwa zaidi kwa kanga mwenye manyoya mazito. Hata hivyo atapita kwanza kwenye Sheria ya Udhibiti wa Silaha ya mwaka 2015, kisha kwenye Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2009, maana kumiliki bunduki na kuruhusiwa kuwinda ni vibali viwili tofauti. Ni haki iwe hivyo. Kwale hawaishi bila mpaka, na bunduki mikononi mwa asiyejulikana huishia kwenye msiba wa jirani.

Asiye na fedha hizo hujulikana kwa kitu kingine. Mwaka 2022 serikali ilitoa msamaha kwa wanaomiliki silaha bila kibali wazisalimishe, na nyakati kama hizo magobori huletwa kwenye vituo vya polisi na ofisi za vijiji. Mengi yametengenezwa na mafundi wa mitaani kwa mabomba ya maji na vyuma chakavu. Polisi huyaita silaha za kienyeji. Ukiangalia mtutu wake laini, na baruti inayoshindiliwa kutoka mdomoni, utaona kwamba umbo lake linakaribiana sana na lile lililoruhusiwa Brussels.