UA LA KALENDULA LILIVYOAMINIWA KUTIBU HADI SURUA (Dawa za Asili, Sehemu ya 4)

Tunaendelea.

Wiki iliyopita kaja mama kliniki na kichanga cha siku tisa. Mkononi ana kichupa cha mafuta ya kalendula, zawadi ya shangazi wa mtoto anayeishi Ujerumani. "Nesi, haya ni ya maua matupu. Nimpake kitovuni?"

Nilimjibu palepale, jibu lipo mwishoni. Ila nyie ngoja kwanza niwasimulie ua lenyewe.

Kalendula ni ua la manjano au rangi ya chungwa, la jamii moja na alizeti. Jina lake lina undugu na neno letu "kalenda". Warumi waliiita siku ya kwanza ya mwezi *kalendae*, na ua hili lilisifika kwa kuchanua miezi mingi ya mwaka.

Ulaya lilikuwa ua la jikoni. Mwaka 1597 Mwingereza John Gerard aliandika kwamba kwa Waholanzi wauza viungo walikuwa na mapipa yaliyojaa maua hayo makavu, watu wananunua kidogokidogo na kutia kwenye supu na dawa.

Mwaka 1652 akaja Nicholas Culpeper wa London. Huyu aliandika kitabu cha mitishamba kwa Kiingereza badala ya Kilatini, ili hata maskini ajitibu nyumbani. Kuhusu kalendula alisema inaimarisha moyo, na inasaidia wagonjwa wa ndui na surua.

Hebu mfikirie mama wa enzi hizo. Mtoto anawaka homa, vipele mwili mzima, daktari ni wa matajiri. Anachemsha maua, ananywesha, anasubiri. Mimi simcheki. Alitumia alichokuwa nacho.

Lakini ndui haikuondoka kwa maua. Mwaka 1796 Edward Jenner alianza kuchanja, na chanjo ndiyo iliyoimaliza. Mtu wa mwisho kuugua ndui kwa maambukizi ya kawaida alikuwa mpishi wa hospitali huko Merca, Somalia, jirani zetu hawa, Oktoba 1977. Alipona. Mwaka 1980 ikatangazwa kwamba ndui imetokomezwa duniani.

Surua bado tunayo. Ndiyo maana hapa Tanzania tunawasumbua mlete mtoto akiwa na miezi 9, halafu tena miezi 18. Ile ya pili wengi mnaisahau, jamani!

Sasa, je, ua halina kazi? Linayo, ila kazi yake imepungua ikabaki zaidi kwenye ngozi. Mwaka 2004 madaktari wa Lyon, Ufaransa, walitoa matokeo ya wanawake 254 waliokuwa wakipigwa mionzi ya saratani ya matiti. Kundi moja lilipaka kalendula, jingine dawa nyingine ya kupaka. Waliobabuka ngozi kwa kiwango cha kati au zaidi walikuwa 41 kati ya kila 100 kwa kalendula, na 63 kwa wale wengine. Si haba.

Lakini angalia vizuri: hao ni watu wazima. Shirika la Dawa la Ulaya linaikubali kalendula kwa ngozi iliyowasha kidogo na vidonda vidogo, kwa sababu imetumika miaka mingi, na kwa watu wa zaidi ya miaka 6. Huko huko ilikotoka hawaiweki kwa kichanga.

Basi jibu nililompa yule mama ni hili: hapana, si kitovuni. Kitovu kibichi ni kidonda, na ni mlango wa vijidudu kuingia kwenye damu. Kiache kisafi na kikavu, paka tu kile ulichopewa na mhudumu wa afya. Ukiona wekundu kuzunguka kitovu, usaha, harufu mbaya, homa, au mtoto amegoma kunyonya, usingoje kesho. Njoo.

Mafuta je? Nilimwambia ajaribu kidogo mkononi mwake, asipowashwa apake visigino vyake. Alicheka, akakitia kichupa kwenye pochi. Na shangazi mtu apewe asante yake, alileta kwa upendo.

Sehemu ya 5 ni mwarobaini. Mtumie mwenzio mwenye kichanga.