Wasuguaji wa mawe, kutoka Katoyi hadi Uele

Kuta za Katoyi, kama za sehemu kubwa ya Goma, zimejengwa kwa mawe ya volkano ya Nyiragongo. Mwashi huyapiga nyundo mpaka yakubali kupangika, basi. Kuyang'arisha ni kazi ngumu: yamejaa vitundu, na lava ile ina silika kidogo mno, ndiyo maana mwaka 1977 ilishuka mlimani kama maji. Kwa hiyo haina hata punje za kwatzi za kujisugulia. Maana jiwe gumu husuguliwa na kigumu zaidi yake, si na nguvu za mkono.

Wasuguaji wa kale tuwafuate kaskazini. Ishango, pale Semliki inapotoka Ziwa Edward, mwaka 1950 Jean de Heinzelin alifukua mfupa wa miaka kama 20,000, umechanjwa mistari kwa mafungu. Wataalamu bado wanabishana kama mistari ile ni hesabu. Mimi huvutwa zaidi na ncha yake, iliyochomekwa kipande cha kwatzi: ugumu wa 7 katika kipimo cha Mohs, ambacho kikomo chake ni almasi, 10.

Mbele zaidi, bonde la Uele, ndiko ziliko shoka za hematiti, nzito, laini, zenye mng'ao wa chuma. Kwanza jiwe lilichongwa likapata umbo. Kisha likasuguliwa juu ya mwamba kwa maji na mchanga, huku na huku, mpaka mwamba wenyewe ukaliwa na kubaki na mifereji. Kila mchanga mwembamba hufuta mikwaruzo ya ule wa punje kubwa uliotangulia. Ukiruka hatua moja, mkwaruzo utauona mwishoni kabisa.

Shoka hizo zilidhaniwa ni za kabla ya chuma. Mwanaakiolojia Francis Van Noten alipochimba Buru, katika bonde hilo, tarehe zikaangukia karne ya 17, enzi ya wahunzi. Na hematiti ni madini ya chuma! Watu waliojua kuyayeyusha waliendelea kuyasugua yakiwa bado jiwe. Siamini kazi yote hiyo ilikuwa ya kupasulia kuni.

Baadaye mchanga ulipata washindani. Mwaka 1891 Edward Acheson wa Marekani alipata kaborandamu, kisugulio cha kutengenezwa. Karne ya 20 ikaja na almasi za Mbuji-Mayi, nyingi ndogo na zenye ukungu, zisizofaa pete lakini zikisagwa hukata jiwe lolote. Mwaka 1955 General Electric ikatangaza almasi ya kutengenezwa, na leo unga mwingi wa kusugulia hutoka viwandani.